Mzigo Uliopita Kwihara

Msikilizaji, nasema na wewe unayepepea mkaa ushike upesi chai isichelewe, wewe unayengoja abiria na pikipiki yako pale stendi, na wewe uliyeko Sikonge, Urambo, Kaliua, Uyui, Nzega au Igunga, unayetusikia kwenye kiredio kilichofungwa mpira ili betri zisitoke. Ni mimi tena, mkufunzi wenu, na kama kawaida nimekuja kuzungumza na wewe habari ya shule.

Leo nataka tuongee juu ya walimu tarajali, yaani hawa vijana wetu wanaosomea ualimu, na kile kitu wanachokiita risechi. Najua. Ukisikia neno utafiti mkono unakwenda kwenye kitufe ubadili stesheni. Usibadili. Ukiwa una mtoto darasa la pili, jambo hili linamhusu mtoto wako.

Nianze na kisa. Miaka kadhaa iliyopita niliingia stoo ya chuo kimoja kutafuta meza. Nikakuta ripoti za utafiti za wanachuo zimepangwa chini, zimefika usawa wa kiuno changu. Jalada jeusi, maandishi ya rangi ya dhahabu, jina la mwanachuo, namba ya usajili, mwaka. Nikavuta moja ya katikati. Mchwa walikuwa wamekula pembe ya chini, kila ukurasa una tundu lile lile, umbo lile lile. Nikapekua taratibu zisikatike. Ukurasa wa 43 palikuwa na jedwali lililochorwa kwa rula na kalamu ya bluu: wiki upande mmoja, idadi ya watoto waliokosa shule upande mwingine. Kijana yule alikaa kwenye shule ya kijijini wiki nane, na kila asubuhi alihesabu vichwa, akaandika. Mwishoni msimamizi wake aliweka alama kwa wino mwekundu, akatia saini. Tangu siku ile hakuna mkono ulioigusa mpaka nilipokuja mimi, ambaye hata sikuwa naitafuta.

Nikuulize, msikilizaji. Kazi ile ilikuwa imekwisha? Chuo kilisema imekwisha, na cheti kikatoka. Mimi nasema mzigo ulikuwa bado haujafika.

Nasema mzigo kwa sababu sisi ni watu wa Tabora, na Tabora tunajua mizigo. Kabla reli ya kati haijafika hapa mwaka 1912, bidhaa iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa Unyanyembe mabegani mwa watu. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kilo 30 hivi, na kuna waliobeba zaidi. Mbele ya msafara alitembea kirangozi, naye akiwa na mzigo wake, ingawa mwepesi kidogo. Kirangozi ndiye aliyejua kisima kiko wapi na kambi ya usiku iko wapi. Na mpagazi hakulipwa sifa kwa kuufunga mzigo vizuri pale Bagamoyo. Alihesabiwa kuwa amefanya kazi alipoutua kwa mwenyewe.

Sasa twende Kwihara. Wengi wenu mnaijua, ni kilomita chache tu kutoka mjini, pale lilipo lile tembe. Watoto wa shule hupelekwa pale wakaambiwa hapa alikaa Livingstone. Ni kweli. Mmisionari huyo alifika pale na mwandishi wa habari Stanley mwezi Februari 1872 wakitokea Ujiji. Stanley akaendelea pwani mwezi Machi, Livingstone akabaki Kwihara akingoja watu na vifaa mpaka Agosti. Lakini mimi nikienda na wanachuo wangu pale, nawasimulia habari za watu wengine kabisa.

Miongoni mwa waliotumwa kutoka pwani wakamkuta Livingstone pale Kwihara, alikuwemo kijana wa Kiyao aitwaye Jacob Wainwright. Alitekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa na wamisheni kule Nasik, India. Alijua kusoma na kuandika. Wakaondoka hapa pamoja, Agosti 1872. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Mei 1873, Livingstone akakutwa amefariki kijijini kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia.

Sikiliza walichofanya wale waliobaki: Abdallah Susi, James Chuma, Jacob, na makumi ya wenzao, pamoja na Halima aliyekuwa mpishi. Kabla ya kitu kingine, waliyafungua masanduku ya marehemu mbele ya watu wote, ili kila mmoja awe shahidi. Jacob akachukua kalamu, akaandika orodha ya vitu vyote vilivyokuwemo. Akaiandika kwenye daftari la marehemu mwenyewe. Kisha wakaukausha mwili, wakaufunga ndani ya gome la mti na turubai, wakachukua madaftari, ramani na vipimo, wakaanza safari. Miezi na miezi kwa miguu. Oktoba 1873 wakafika hapa Unyanyembe. Walimkuta Mwingereza, Luteni Cameron, akawashauri wamzike hapa hapa. Wakakataa. Wakaendelea, na Februari 1874 wakafika Bagamoyo.

Tuwe na maoni yoyote juu ya Livingstone, hapo sina ugomvi na mtu. Ninachokitazama mimi ni yale madaftari. Kazi ya kuona na kupima ilikuwa ndani ya sanduku la bati, juu ya kichwa cha mtu, mvua ikinyesha. Wangeweza kuyaacha, maana karatasi hailiwi. Waliyabeba wakayafikisha. Na hata baada ya kufika, kazi ilikuwa bado. Chuma na Susi walipelekwa Uingereza mwaka 1874, wakakaa na Horace Waller aliyekuwa akiyahariri maandishi hayo, wakimfafanulia mahali hapa ni wapi, mto huu unakwenda wapi, siku ile kulitokea nini. Kitabu kikatoka mwaka ule ule. Bila wale wawili, Waller angekuwa na rundo la karatasi lenye majina asiyoweza hata kuyapanga.

Kwa hiyo mnaona ninakoelekea. Kuona na kuandika ni sehemu moja ya safari. Kufikisha ni sehemu nyingine, na ina ujuzi wake. Kwenye vyuo vyetu, na hapa kwetu tunavyo, kuna Chuo cha Ualimu Tabora, kuna Ndala, kuna AMUCTA, kile Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo kilichoanza mwaka 2010, na kwenye vyuo vya ualimu nchi nzima, tunawafundisha vijana kufunga mzigo. Pendekezo la utafiti, hojaji, sampuli, uchambuzi, jalada jeusi. Tukifika hapo tunawaacha porini.

Narudia, kwa uliyewasha redio sasa hivi: tunawafundisha kufunga mzigo, hatuwafundishi kuufikisha.

Kuufikisha maana yake nini? Kwanza ni kusimama mbele za watu ukaeleza ulichokiona. Nitakupa mfano. Kuna binti mmoja nilikuwa msimamizi wake, jina nalihifadhi. Alikuwa na dakika 10 za kuwasilisha mbele ya wakufunzi na wenzake. Siku tatu kabla alikuja nyumbani kwangu kufanya mazoezi. Akasalimia, "Shikamoo, mwalimu," akasimama barazani, akafungua karatasi, akaiinua ikamfunika uso, akaanza kusoma. Sauti ikawa ya mtu mwingine. Dakika ya sita alikuwa bado anaeleza usuli wa tatizo duniani, kisha barani Afrika, kisha Tanzania, na shule yenyewe aliyokaa hajaitaja.

Nikamwambia, "Mwanangu, nipe hiyo karatasi." Akanipa, mkono unatetemeka. Nikamwambia, "Kaa hapa kwenye mkeka. Mama yako kule nyumbani amekuuliza: mbona ulikaa kijijini wiki nane, uliona nini? Mjibu."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mama, watoto wa darasa la pili wanasoma silabi zote ubaoni, lakini ukiwapa kitabu wanakigeuza juu chini, hawajui kinaanzia wapi, kwa sababu nyumbani hakuna kitabu na shuleni kimoja wanashika sita." Alisema hivyo, kwa pumzi moja. Nikamwambia, hiyo ndiyo sentensi yako ya kwanza. Mengine yote yafuate nyuma yake.

Hiyo ndiyo kazi ya mlezi wa mtafiti mchanga. Mlezi hamwandikii, wala hamsahihishii koma akamrudishia. Anamkalisha mkekani mpaka lile aliloliona kwa macho yake litoke kwa sauti yake. Na mazoezi yasiwe mara moja. Wanachuo wanane wakikaa chini ya mwembe, na hapa Tabora miembe hatujakosa, kila mmoja akasikilizwa na wenzake saba, wakamuuliza maswali ya kweli, siku ya kuwasilisha kwa projekta hatatetemeka. Na umeme ukikatika atachukua chaki aendelee, kwani yeye si mwalimu?

Halafu kuna wasikilizaji ambao tunawasahau kabisa. Tuseme mwanachuo amepangiwa mazoezi ya kufundisha kule Sikonge, kwenye tumbaku. Anachunguza daftari la mahudhurio, anakuta miezi ya kuchuma na kukausha tumbaku kwenye mabani madawati yanabaki wazi. Anazungumza na wazazi, anazungumza na mwalimu mkuu, watu wanamwachia kazi zao wanamjibu. Anaondoka na majibu yao. Anayapeleka wapi? Kwa msimamizi mmoja mjini, tena mara nyingi kwa Kiingereza, wakati shule yenyewe inafundisha kwa Kiswahili. Mzee aliyejibu maswali yale hatajua milele yalikwenda wapi. Mwakani anakuja mwanachuo mwingine, na hojaji nyingine, na maswali yale yale. Ungekuwa wewe ungejibu kwa moyo?

Mimi nimeweka sharti kwa wale ninaowasimamia: kabla hujafunga jalada, unarudi shuleni. Karatasi mbili za Kiswahili, zinabandikwa ofisini kwa mwalimu mkuu, na unasimama mbele ya kamati ya shule unawaeleza. Nauli inasumbua, nakiri. Mara nyingine tumechangishana. Lakini nimeona jambo linalotokea pale: wazazi wanasahihisha. Wanasema, "Hapo, mwalimu, hukutuelewa." Na utafiti unanyooka kuliko wino mwekundu wangu ungeweza kuunyoosha.

Sasa tuje kwenye kuchapisha, maana hapo ndipo vijana wengi wanapokata tamaa, na ndipo wanapoibiwa.

Ripoti ya kurasa 60 si makala. Makala ni swali moja, na jibu lake, na jinsi ulivyolipata, kurasa 10 au 15. Kumfundisha kijana kukata ni kazi ngumu, maana kila ukurasa aliutolea jasho. Ninakaa naye na ripoti yake na penseli, namuuliza: ukiambiwa ubaki na jedwali moja tu, ni lipi? Akilichagua, makala imezaliwa. Ikisiri tunaiandika mwisho, ingawa inakaa mwanzo.

Kisha apeleke wapi? Kwa Kiswahili kuna majarida ya TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mulika na Kioo cha Lugha. Ukitaka kuona majarida ya Afrika yanavyofanana, intaneti ina mkusanyiko uitwao African Journals Online, ulioanza mwaka 1998, kijana anaweza kuperuzi kwa simu yake. Wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki wana chama chao, CHAWAKAMA, na kwenye makongamano yake mwanafunzi anasoma makala yake mbele ya wenzake wa Kenya na Uganda. Huko ndiko pa kuanzia. Na tusijione tuko mbali na uchapaji. Kipalapala hapa hapa kulikuwa na mtambo, na vitabu vyenye jina la T.M.P. Book Department, Tabora, vimesomwa nchi nzima.

Lakini kaa macho. Kijana mmoja alinijia amefurahi, ana barua pepe. Wamemwita profesa mashuhuri. Ana miaka 23, bado yuko chuoni. Wanamwambia makala yake ni nzuri sana, itatoka ndani ya siku tatu, atume dola 150 tu. Alikuwa ameshaanza kukopa. Nikamuuliza maswali matatu tu. Wahariri ni akina nani, na wanafundisha wapi? Nani ameisoma makala yako akakuambia ina kosa gani? Na umewahi kumwona mkufunzi yeyote ananukuu jarida hili? Hakuwa na jibu hata moja. Hao ni matapeli, msikilizaji, na wanawinda watu wasio na mlezi. Jarida la kweli litakuchelewesha, litakupa wahakiki watakaokuonyesha makosa, na pengine litakukatalia.

Na hapo mlezi anahitajika kuliko mahali popote. Barua ya wahakiki ikija, kijana anaisoma peke yake usiku, anafunga laptopu, hairudii tena makala yake. Mimi huwaambia walete barua asubuhi tuisome wawili. Tunapiga mstari chini ya kila lawama, tunajiuliza: hili ni kweli? Mara nyingi ni kweli. Tunarekebisha, tunarudisha. Barua iliyomliza usiku, saa nne asubuhi imekuwa orodha ya kazi.

Kuna jambo jingine linaloniuma, nalo ni majina. Jacob Wainwright aliandika shajara ya safari ile. Mwaka 1874 ikachapishwa, lakini kwa tafsiri ya Kijerumani. Alirudi Afrika, akafariki mwaka 1892, Urambo, hapa hapa mkoani kwetu. Na kule Bagamoyo, mwisho wa njia ile ile ya misafara, alikuwako Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu, aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilitoka Ujerumani mwaka 1903, na sehemu kubwa ni kazi ya mkono wake. Kwa miaka mingi watu waliokitaja kitabu hicho walimtaja Carl Velten, aliyekihariri.

Hayo ni ya zamani? Ningependa kusema hivyo. Lakini leo hii ziko makala ambazo mwanachuo alizunguka vijijini, akahesabu, akaandika, na jina lililotangulia ni la msimamizi. Nawaambia wakufunzi wenzangu, kwa heshima na kwa upendo: aliyebeba mzigo jina lake litangulie. Kama uliandika naye kweli kweli, jina lako lifuate. Kama ulimsimamia tu, shukrani kwenye ukurasa wa mwisho zinatosha, na ni heshima kubwa.

Mtaniuliza, mkufunzi atapata wapi muda? Ana vipindi, ana mitihani, ana wanachuo wengi kuliko viti. Swali la haki kabisa. Ndiyo maana nasema jambo hili liingie kwenye ratiba ya chuo. Kipindi kimoja kwa wiki cha kusomeana na kuulizana, kipewe chumba na kipewe saa. Kikiachwa kwa huruma ya mkufunzi mmoja mmoja, siku akihamishwa kinakufa. Nimeona kikifa.

Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora Boys na baadaye akafundisha St. Mary's hapa mjini, aliandika insha juu ya uhuru wa wanawake alipokuwa mwanachuo Makerere, akisomea ualimu. Insha hiyo ilitoka kama kitabu baada ya yeye kufariki. Miaka yote hiyo ilikuwa karatasi imekaa. Sasa hebu fikiria insha ya binti wa Kaliua, ambaye hakuna atakayekwenda kupekua sanduku lake.

Muda wangu unakaribia kwisha, fundi mitambo ananionyesha kidole. Niseme la mwisho, ni tangazo. Jumamosi hii, saa nne asubuhi, chini ya mwembe ule mkubwa nyuma ya bwalo letu, wanachuo wanane watasoma kazi zao kwa Kiswahili, dakika 10 kila mmoja. Kila mmoja atakuja na hojaji zake zote na daftari lake la kijijini, azimwage mezani mbele ya watu, na mwenzake mmoja ataandika orodha. Wazazi mnakaribishwa, walimu mnakaribishwa, wa bodaboda egesheni pikipiki mje. Michembe na chai vipo. Yule binti wangu wa mkekani, sasa ni mwalimu kamili, amepiga simu jana usiku kwamba anakuja na mwalimu mkuu wake. Ameniomba asome wa kwanza, ili apate muda wa kuwahi basi.